Lamu, Mji Uendao kwa Miguu



Ndugu msomaji, safari yetu ya Lamu haikuwa ya matembezi. Tulikwenda kumjulia hali shangazi wa ahali yangu, aliyekuwa ameugua homa, nasi tulikusudia kukaa siku tatu. Tulikaa siku kumi na moja, tukarudi Mombasa na faida ambayo hatukwenda kuitafuta.

Miezi minne kabla ya safari ile, ahali yangu alipimwa akaonekana ana maradhi ya sukari. Marehemu mama yake alikuwa nayo pia. Alikatwa mguu, na miaka yake ya mwisho aliimaliza kitandani. Kwa hivyo daktari alipomwambia atembee na apunguze vyakula vya wanga na vitu vitamu, hakuhitaji kushawishiwa. Wiki ya kwanza alizunguka uani asubuhi na jioni. Wiki ya tatu aliacha. Nami niliyekuwa nikimhimiza nilikuwa nikipanda tuktuk kwenda msikitini, mwendo wa dakika nane kwa miguu, na kila nimalizapo darsa huletewa chai ya maziwa na sahani ya mahamri.

Basi lilitufikisha Mokowe alasiri, tukavuka kwa boti. Hakuna gari lililotungoja gatini. Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, una vichochoro vyembamba hivi kwamba ukikutana na punda aliyebeba mawe ya kujengea, huna budi kuingia katika daka la nyumba ya watu umpishe. Hamali alitwaa mizigo, sisi tukamfuata kwa miguu. Ahali yangu alitweta kabla hatujafika nusu ya njia.

Shangazi umri wake umepita miaka 70. Chumba chake kiko ghorofa ya pili, na ngazi zake ni ndefu na kali. Asubuhi hushuka kununua samaki, hupanda. Baada ya Alasiri hushuka tena kumtazama mgonjwa wa mtaa wa pili, kuhani msiba wa mtaa wa tatu, au kumpongeza mzazi. Zamani, baadhi ya nyumba ziliunganishwa kwa wikio lililopita juu ya kichochoro, wanawake wakazuriana katika stara yao pasipo kushuka njiani. Hata hizo zilikuwa hatua. Sikumsikia Shangazi hata mara moja akitaja mazoezi.

Siku ya sita, baada ya swala ya Alfajiri, alituambia, "Ndooni twende Shela." Ni kama kilomita tatu kufuata ufuo. Tulingoja maji yatoke, kwa kuwa yakijaa hula sehemu ya njia, kisha tukaenda polepole. Ahali yangu alisimama mara mbili. Shangazi alisimama naye, akitazama majahazi, bila kusema neno. Tulifika kwa muda wa saa nzima badala ya dakika arubaini, tukanywa maji, tukarudi.

Nisiisifu Lamu kuliko haki yake. Maradhi ya sukari yako huko pia. Nyuma ya mji pikipiki zimeingia, na nimeona vijana wakipanda kwenda mahali ambapo baba zao walifika kabla tasbihi haijazunguka mara tatu. Soda ziko kila duka. Siha ya Shangazi haitoki katika mawe ya mji. Inatoka katika mambo ayafanyayo kila siku, na mji unamlazimisha ayafanye kwa miguu.

Tulipokuwa ndani ya boti tukirudi Mokowe, ahali yangu aliniambia, "Pale uani nilishindwa kwa sababu hapakuwa na ninakokwenda." Neno hilo lilinikumbusha Banu Salima, waliotaka kuhama wawe karibu na Msikiti wa Mtume (S.A.W.), naye akawaambia wabaki katika makazi yao, kwani nyayo zao zinaandikwa. Hadithi hiyo nimeisomesha miaka mingi, kisha nikatoka darsani kupanda tuktuk.

Tulipofika nyumbani tuliitafutia kila hatua mahali pa kwenda. Mimi naenda msikitini kwa miguu. Dakika nane kwenda na nane kurudi, kwa swala mbili tu za siku, siku tano, ni dakika 160. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Ahali yangu na majirani zake watatu, kukishapambazuka, hutoka Mji wa Kale hadi Mama Ngina wakiwa na buibui zao na viatu vya kufunga. Samaki humnunua mwenyewe sokoni. Jamaa aliyezoea kumpigia simu, sasa humwendea.

Chakula tulikigeuza jambo moja baada ya jingine. Chai ilitoka vijiko vitatu vya sukari hadi viwili, na baada ya mwezi, kimoja; leo hanywi na sukari kabisa. Wali wa nazi haukufukuzwa, ila sahani imekuwa ndogo, na mboga imetangulia. Mtume (S.A.W.) ametufundisha theluthi ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi, na pia kwamba amali ipendwayo zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, ijapokuwa ndogo.

Haikwenda bila kukatika. Ramadhani kundi lilivunjika, na baada ya Idi hakuna aliyetoka. Juma la pili la Shawwal ahali yangu alikwenda kubisha hodi mlango kwa mlango, nao wakarudi.

Mama mwenye sukari asiache dawa kwa kuwa ametembea. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka katika damu, kwa hivyo atumiaye sindano au vidonge amwulize daktari wake kwanza, achukue tende au kitu kitamu mfukoni, na kila usiku atazame nyayo zake kama zina jeraha. Ahali yangu hutazama zake kila usiku, nami humshikia taa.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na atujaalie miguu ya kutufikisha katika kheri. Wabillahi tawfiq.