Wikiendi ya Januari Kumwona Mnyama wa Lindi

Ukiishi Ujerumani na watoto, Januari ni mwezi mrefu. Sikukuu zimepita, taa za mapambo zimeshushwa, na hapa Leipzig jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi, likazama kabla ya saa kumi na nusu jioni. Watoto huamka giza bado lingalipo. Mimi na mume wangu tuliamua kuwatoa nyumbani wikiendi moja, na mji tuliouchagua ni Berlin. Mtu yeyote aliyezaliwa Lindi, kama mimi, anaijua sababu: kule Berlin amesimama mnyama wa kwetu.

Safari ya mjini wakati wa baridi haipangwi kama ya kiangazi. Kiangazi unaweza kuzurura kutwa nzima, watoto wakichoka wanakaa kwenye nyasi na maji ya chupa. Januari una saa nane tu za mwanga, na mtoto wa miaka mitano akishalowa miguu, siku imekwisha. Kwa hiyo tulikubaliana jambo moja kubwa kwa siku, tena lifanyike asubuhi wangali na nguvu, na alasiri iwe ya kitu chepesi. Mume wangu alikuwa ameandika sehemu nyingi nzuri. Tulizipunguza, na sikusikitika hata kidogo.

Hoteli tulichukua karibu na stesheni kuu. Haikuwa na mandhari, lakini ukishuka kwenye treni na watoto wawili na mabegi, na nje kuna upepo wa theluji, dakika tano za kutembea zina thamani kuliko mandhari. Tena Jumapili maduka ya Ujerumani hufungwa, isipokuwa yale ya stesheni kubwa, hivyo mkate na maziwa vilikuwa jirani. Treni ya kasi kutoka Leipzig huchukua kama saa moja na robo, na watoto chini ya miaka 15 hawalipi wakiwa na mzazi, ilimradi wenye miaka sita na zaidi waandikwe kwenye tiketi.

Mizigo ndiyo iliyonichukua muda. Kila mtoto fulana ya sufu ya kugusa mwili, sweta, halafu koti lisilopitisha maji. Glavu jozi mbili kila mmoja, kwa kuwa jozi ya kwanza lazima italowa. Buti ziwe kubwa kidogo, soksi nene ziingie bila kubana, maana mguu uliobanwa hupoa upesi. Nikaweka chupa ya chai ya tangawizi na maandazi ya jana yake. Mtoto wa baridi hula sana, na vyakula vya kwenye majumba ya makumbusho ni ghali.

Jumamosi asubuhi tulikuwa Invalidenstraße, kwenye Makumbusho ya Elimu ya Viumbe, milango inafunguliwa saa nne. Makoti tukayaacha, kwa sababu ndani kuna joto na mtoto aliyevaa koti ndani ya jumba lenye joto huanza kulia bila kujua analilia nini. Tukaingia ukumbi wa kwanza, na pale pale tukamwona.

Ana urefu wa mita 13.27 kutoka sakafuni hadi kichwani, na hakuna mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa popote duniani inayomfikia kwa kimo. Zamani walimwita Brachiosaurus, leo wataalamu wanamwita Giraffatitan. Miguu yake ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, kwa hiyo mgongo unapanda kuelekea shingoni. Mwanangu mdogo alisimama kando ya mguu wa mbele akanyoosha mkono juu kabisa. Mfupa mmoja tu wa mguu ule, ule wa juu, unazidi mita mbili. Alijipima, akanigeukia.

"Mama, huyu alikuwa anaishi kwa bibi?"

"Kwa bibi kabisa. Tendaguru, ukitoka Lindi mjini ni kama kilomita 60."

"Sasa alifikaje huku?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nimelijia. Mifupa hii ilikaa ardhini miaka kama milioni 150. Mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani aliiona huko Tendaguru, wakati vita vya Maji Maji vilikuwa havijaisha. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho haya yalichimba huko, chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig kwa miaka ya mwanzo. Lakini waliochimba kwa mikono yao ni watu wa kwetu, mamia, na aliyewasimamia ni Boheti bin Amrani, fundi ambaye jicho lake lilijua mfupa unaanzia wapi na udongo unaishia wapi. Mifupa ilifungwa kwa mianzi na udongo, ikabebwa na wapagazi kwa miguu, siku kadhaa njiani, hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilipakiwa melini. Hakuna barabara, hakuna punda. Vichwa na mabega.

Niliwaambia yote haya tukiwa tumekaa kwenye benchi, mnyama juu yetu. Mkubwa aliuliza kama Boheti ana sanamu. Nikamwambia ana dinosaria: mwaka 2007 aina moja iliyotoka Tendaguru iliitwa Australodocus bohetii kwa heshima yake. Nyingine, Wamweracaudia, imebeba jina la kabila la Wamwera. Swali la kuirudisha mifupa nyumbani limeshaulizwa bungeni Dodoma. Mimi naona ni swali halali, na mtoto wa Lindi ana haki ya kuuliza akiwa amesimama pale pale.

Alasiri tulipanda basi namba 100 kutoka Alexanderplatz, ghorofa ya juu, kiti cha mbele. Kwa nauli ya kawaida linapita karibu na Lango la Brandenburg na jengo la Bunge, linakata bustani ya Tiergarten hadi kwenye bustani ya wanyama. Taa zilikuwa zimewaka, ndani kuna joto, na mdogo alilala kabla ya nusu ya njia.

Jumapili tulichukua treni ya chini ya ardhi, U6, tukashuka kituo cha Afrikanische Straße. Mtaa ule una barabara zenye majina ya kwetu: Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße, Ugandastraße. Majina hayo hayakuwekwa kwa upendo. Ni alama za makoloni. Barabara moja ilipewa jina la mkoloni Carl Peters mwaka 1939, yule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Agosti 2024, baada ya miaka mingi ya madai, jina la Peters liliondolewa, na kipande kimoja cha barabara hiyo sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee. Tulikitafuta tukakipata. Theluji nyembamba, maghorofa ya kawaida, kibao cheupe chenye maandishi meusi. Mkubwa alisoma kwa sauti, kisha akaomba simu ampigie bibi yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mmekula? Mmevaa vizuri?"

"Tumevaa. Bibi, nimesimama barabara ya Maji Maji."

Kule Lindi kukawa kimya kidogo, halafu mama akataka kusikia habari za mnyama, ukubwa wake, na kama kichwa chake kinaonekana vizuri.

Kwa wenzangu mnaolea watoto huku Ulaya: makumbusho yale hufungwa Jumatatu, kwa hiyo pangeni Jumamosi asubuhi, na Jumapili mpande U6. Msisubiri shule iwatajie watoto jina la Boheti bin Amrani. Watajieni wenyewe, kabla hamjafika mlangoni.