Unix ilipokuwa ikianguka Berkeley, fundi alikuwa upande wa pili wa simu

Mteja anapiga simu kutoka mbali: mashini imekufa. Fundi anamwambia asome kilichoandikwa kwenye ekra, pole pole, neno kwa neno. Mafundi wa Goma na Bukavu wanaijua kazi hiyo vizuri, lakini haikuanza jana. Mwaka 1974, katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, kijana mmoja alikuwa kando ya kompyuta yenye kuangukaanguka, simu mkononi, na upande wa pili wa waya alikuwa mtu aliyeutunga mfumo wenyewe.

Kijana huyo ni Keith Standiford, mwanafunzi wa masomo ya juu. Mwaka 1973 profesa Bob Fabry aliona Ken Thompson na Dennis Ritchie wakieleza Unix mbele ya wataalamu, akatamani kuipeleka Berkeley. Shida ni kwamba hawakuwa na mashini ya kuibeba. Kitivo cha kompyuta kikachanga pesa pamoja na cha hesabu na cha takwimu, wakanunua PDP-11/45 moja. Mashini moja, wenyewe watatu. Msomaji alikumbuke jambo hilo.

Mwezi wa kwanza 1974 ukanda wa sumaku wenye Unix toleo la 4 ukafika, na Standiford akapewa kazi ya kuiweka. Siku hizo kuweka mfumo hakukuwa kubonyeza « ndiyo » mara tatu na kwenda kunywa chai. Ukanda unasomwa, vipande vinahamishiwa kwenye diski, kisha unafika kwenye kiini cha mfumo, kile mafundi wanachoita kerneli. Kiini hicho hakikujua kujitafutia vifaa. Ni mtu aliyepaswa kukiambia, ndani ya programu yenyewe, kuna diski za aina gani na mitambo gani ya kuandikia, halafu kiini kizima kinajengwa upya. Kosa dogo tu, na mashini haiamki.

Hadi wakati ule, sehemu nyingi zilizopata Unix zilisaidiwa na Thompson mwenyewe katika kuiweka. Berkeley haikuwa naye. Hata hivyo mashini iliamka.

Kisha ikaanza kuanguka, tena kwa namna za ajabu. Mashini isiyoamka kabisa ina heri, maana unajua pa kuanzia. Ile inayofanya kazi vizuri, halafu inaanguka bila kuaga, inamfanya aliyeiweka ajishuku mwenyewe kwanza: labda ni mimi, labda kuna mstari niliuandika vibaya. Na hapo kulikuwa na vitivo viwili jirani vinavyongoja kuona kama pesa yao imeenda mahali pazuri.

Leseni ya Unix haikuja na ahadi ya msaada. AT&T, kampuni ya simu iliyomiliki maabara ya Bell, haikutaka kujifunga kumtengenezea mtu kitu. Thompson alisaidia kwa kupenda kwake. Alikuwa New Jersey, ngambo ya pili ya Marekani, kama kilomita 4,000 hivi. Modemu ya Berkeley ilikuwa ya aina ya kulaliwa na mkono wa simu, ya kasi ya baudi 300, na haikuweza kujibu simu yenyewe. Kwa hiyo Thompson alipiga simu kwenye chumba cha mashini, Standiford akapokea, kisha akaulaza mkono wa simu juu ya modemu. Kuanzia hapo watu walinyamaza, mashini zikazungumza kwa milio.

Baudi 300 ni kama herufi 30 kwa sekunde. Ukurasa wa herufi 2,000 unachukua zaidi ya dakika moja. Kwa mwendo huo Thompson alisoma picha ya kumbukumbu ya mashini jinsi ilivyokuwa wakati wa kuanguka, akitafuta ilikuwa inafanya nini dakika ile.

Alichokipata hakikuwa kosa la kijana. Mashini ya Berkeley ilikuwa na diski mbili chini ya kidhibiti kimoja, jambo ambalo Thompson alikuwa hajakutana nalo sana. Fikiria kapita mwenye wafanyakazi wawili: akimtuma mmoja kuleta mzigo, hangoji arudi, anamtuma na wa pili. Ndivyo kiini kilivyotaka kufanya, kichwa cha diski moja kikiwa njiani, cha nyingine kianze safari. Kitabu cha mashini kilisema kidhibiti kinaweza. Ukweli ni kwamba hakikuweza kwa uhakika, kilijichanganya, na mara nyingi mfumo mzima ulianguka pamoja nacho. Nani angeshuku kitabu? Mwanafunzi peke yake angeweza kukesha miezi akipekua mistari yake mwenyewe.

Muda si mrefu Unix ikasimama imara. Ndipo majirani wakadai haki yao: watu wa hesabu na takwimu walitaka mfumo mwingine, RSTS, juu ya mashini ile ile. Baada ya mabishano mengi wakagawana saa. Unix ilipata saa 8 kwa siku, RSTS saa 16, na zamu ikazunguka: leo Unix tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi alasiri, kesho hadi saa sita usiku, kesho kutwa kutoka saa sita usiku hadi kunapambazuka na saa mbili tena. Wanafunzi wa somo la mifumo waliikubali Unix hata kwa zamu ya usiku, kuliko mashini kubwa ya chuo ambako unaacha kazi yako na kungoja foleni.

Mwaka 1975 Thompson alikwenda mwenyewe Berkeley, chuo alichosomea, kufundisha kwa mwaka mmoja. Pamoja na Jeff Schriebman na Bob Kridle aliweka Unix toleo la 6 kwenye PDP-11/70 mpya. Safari hiyo alikuwa ndani ya chumba cha mashini.