Pasi Ambayo Hata Yeye Ataishika

Ukitaka kujua nani anabeba kazi nyingi ndani ya nyumba, mpenzi msomaji, wala usiulize. Angalia tu nani anajua tabia za pasi. Utakuta kuna mtu mmoja anayejua kwamba pasi yenu waya wake ukikunjwa inazima, na kwamba kabla ya kugusa shati jeupe lazima uijaribu kwanza kwenye kitambaa kibovu. Kwetu mtu huyo nilikuwa mimi.

Pasi yenyewe ilikuwa ya mvuke, zawadi ya kicheni pati. Kwa macho ilipendeza, lakini jamani, ilikuwa inavuja maji na kutema uchafu wa kahawia. Nikimwomba mume wangu anipokee hata jioni moja, jibu lilikuwa lile lile: "Mke wangu, hiyo pasi inakujua wewe." Wote tunaamka saa kumi na moja alfajiri, wote tunagombania usafiri wa kwenda mjini, wote tunarudi giza limeingia. Lakini mashati yake, magauni yangu na nguo za mtoto, vyote vilikuwa vyangu. Hatukupigizana kelele. Nilikuwa nanyamaza, na ukimya ule ukawa unatufuata mpaka chumbani.

Na kuacha kupiga pasi haiwezekani, hasa kwa sisi tunaoanika nje. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevunyevu, na funza wake wanaingia kwenye ngozi. Moto wa pasi unaua mayai hayo, ukihakikisha unapita vizuri kwenye mishono.

Basi ile pasi ilipokufa kabisa, nilimwambia mwenzangu neno moja tu: safari hii tunakwenda Kariakoo wawili, na wa kuchagua ni wewe.

Alianza na swali ambalo wanaume wengi huanza nalo: umeme. Akataka yenye wati chache ili LUKU idumu. Tukapiga hesabu pale pale dukani. Pasi ya wati 2400 ikiwaka mfululizo dakika 15 inakula uniti 0.6. Ya wati 1200 ikiwaka dakika 30 inakula 0.6 hiyo hiyo. Kinachomaliza uniti si wati peke yake, ni wati pamoja na muda, na pasi yenye nguvu inapata moto haraka na kutoa mvuke wa kutosha. Ila angalizo moja: wati 2400 zinavuta zaidi ya ampea 10, kwa hiyo ichomeke moja kwa moja ukutani. Ekstensheni yenye waya mwembamba itapata moto, na huo ndio mwanzo wa balaa. Hakikisha pia plagi ni ya pini tatu, yenye ethi.

Pili, ishikeni kwa mkono, kila mmoja kwa zamu. Nyingi zina uzito wa kati ya kilo 1 na 1.7, na ukijaza tangi la mililita 300 umeongeza gramu 300 nyingine. Mwenzangu ana kiganja kikubwa, kuna pasi vidole vyake havikupita kwenye mpini. Hiyo tuliirudisha kwenye rafu.

Tatu, igeuzeni muone chini. Uso wa chuma cha pua au wa seramiki unateleza vizuri na ni mgumu kiasi. Ule mweusi usionata unateleza pia, lakini zipu na vifungo vinauchubua. Kwenye boksi tafuteni gramu za mvuke kwa dakika. Kwa mashati ya pamba na vitenge, kuanzia 30 kwenda juu utaona tofauti.

Nne, maji. Chungulia ndani ya birika lako la umeme. Ukiona ukoko mweupe, ujue maji yenu yana chumvi nyingi, na chumvi hizo hizo huganda ndani ya pasi, zikaziba matundu na kutoka kama madoa. Maji ya visima ndiyo hasa yenye tabia hiyo. Kwa hiyo chagueni yenye sehemu ya kujisafisha, na mumwage maji yaliyobaki kila mkimaliza.

Kuhusu kuvuja, someni vile vidoti. Kimoja ni kama nyuzi joto 110, cha nailoni. Viwili ni 150, vya poliesta, sufu na hariri. Vitatu ni 200, vya pamba na kitani. Mvuke unahitaji kuanzia vidoti viwili. Chini ya hapo maji hayageuki mvuke, yanadondoka. Zipo zenye kizuia matone, na sisi tulichukua hiyo.

Mwisho, yenye mtoto atambaaye asinunue pasi isiyojizima yenyewe. Nyingi za aina hiyo hujizima baada ya kama sekunde 30 ikiachwa imelala, au dakika 8 ikiwa imesimama.

Sasa Jumapili jioni mume wangu anaweka mpira kwenye redio na kunyoosha nguo za wiki nzima, zangu zikiwemo. Mama mkwe alipotutembelea alimtazama, akanitazama, halafu akasema, "Mwanangu, na gauni langu lile." Akampa.

Sitakudanganya kwamba pasi inatengeneza ndoa. Yetu iliondoa kisingizio tu, yaliyobaki tuliyamaliza kwa mdomo. Lakini ukienda dukani, usichague pasi utakayoiweza wewe peke yako. Mpeleke mwenzio, mpe aishike.