Vespa ya Mitundu

Mwaka 2001 Malawi ilikuwa bado nchi ya baiskeli. Pikipiki za Kichina zilikuwa hazijaijaza, na vijana wa kabaza walibeba abiria kwa nguvu za miguu yao. Ndiyo maana Vespa moja kuukuu, rangi ya krimu iliyoanza kubabuka, ilijulikana kuanzia Area 2 mjini Lilongwe hadi soko la Mitundu, kusini mwa mji. Mwenye nayo alikuwa mchuuzi wa karanga, Mmalawi, aliyeinunua kwa familia ya Kihindi iliyokuwa ikihama.

Mimi nilitokea Uvira, Kongo. Tulivuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, tukapita Mbeya, tukaingia Malawi kwa Songwe, na safari ikaishia Dzaleka, wilaya ya Dowa, kilomita arobaini na kitu kaskazini mwa Lilongwe. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1994, mwaka uleule Rais Kamuzu Banda aliposhindwa uchaguzi. Kabla yake palikuwa gereza ambamo wapinzani wa Banda walifungwa. Sisi tuliokimbia vita tukapewa makao papo hapo. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987, lakini ikaweka masharti ya kutobanwa na vifungu kadhaa, kikiwemo cha kufanya kazi na cha kutembea huru. Haya, lakini mahindi ya mgao yalikuwa yakiisha kabla ya mwezi kwisha, na tumbo halisomi vifungu. Watu walitoka. Wengine walifungua vibanda Lilongwe, wengine wakaenda kwenye masoko ya vijijini, Mitundu likiwa mojawapo.

Kibanda nilichofanyia kazi huko Mitundu kilikuwa cha baiskeli. Mwenye nacho alikuwa mkimbizi mwenzangu, mzee wa Buyenzi, ule mtaa wa Waswahili na mafundi mjini Bujumbura, na ujana wake wote aliupitisha chini ya Vespa. Siku mchuuzi alipotokea akiisukuma skuta yake, jasho likimtiririka, mzee alicheka kwanza.

"Bwana, waya wa klachi umekatika, si injini. Kwa nini umeisukuma?"

Akaeleza: unawasha ikiwa nyutro, unaisukuma mpaka ishike mwendo, ndipo unairukia na kuzungusha gia ya kwanza taratibu. Kupandisha gia nyingine, unalegeza mafuta kidogo, unazungusha. Ukitaka kusimama, unarudi nyutro mapema. Mchuuzi alimtazama kama anayetaniwa.

Waya ulikuwa umekatikia palepale zinapokatikia nyingi: juu, kwenye kichwa kinachokaa ndani ya mkono wa klachi. Kila unapobana, kichwa kikiwa kikavu hakizunguki, kwa hiyo waya ndio unaojikunja. Nyuzi zinakatika mojamoja, na mwendeshaji hajui kitu ila mkono unaozidi kuwa mzito. Mchuuzi aliona waya wa breki ya baiskeli ukining'inia kibandani, akasema tumfungie huo. Mzee alikataa katakata. Waya ule ni mwembamba na kichwa chake si saizi. Utamfikisha nyumbani leo na kumwangusha kesho. Nikatumwa Lilongwe, na katika duka moja la vipuri Area 2 nikaupata wa kwake, umefunikwa vumbi la miaka.

Tulimwaga petroli, tukailaza Vespa ubavu juu ya magunia. Mzee alifungua boliti ya mkono wa klachi, akaupaka waya mpya grisi toka kichwani hadi mwisho, akaupenyeza kutoka kwenye usukani ukapita ndani ya bodi mpaka ukachomoza chini ya injini. Ncha alikuwa ameitia risasi ili nyuzi zisifumuke njiani. Huko chini waya unapita ndani ya skrubu ya kurekebishia, kisha unabanwa kwenye mkono mdogo wa klachi. Kabla ya kubana aliirudisha skrubu ile ndani kabisa. Waya mpya hulegea ukishaanza kazi, akasema, na skrubu ikiwa imeshatolewa yote utarekebisha kwa nini?

Kisha likaja lile ambalo mafundi wengi niliowaona baadaye, Malawi na kwingineko, hulikosea. Wao huvuta kwa plaisi mpaka waya ulie, wakidhani kukaza ndiyo ufundi. Mzee aliacha mchezo mdogo, kama milimita mbili, akaupima kwa kusukumia sarafu kwenye mwanya wa mkono wa klachi. Mchezo ukikosekana, klachi haishiki sawasawa: injini inaunguruma mlimani, mwendo hakuna, na sahani zinaungua. Ukizidi, klachi haiachii. Gia zinasaga na skuta inataka kwenda yenyewe umebana. Aliiwasha, akabana, akaweka gia ya kwanza. Vespa ikatulia. Akaachia pole, ikaondoka.

Mchuuzi akaniambia "zikomo, achimwene", yaani asante, kaka, akamlipa mzee, akaahidi kurudi ili waya ukaguliwe. Alirudi kweli, na nyuma yake wakaja wengine: afisa kilimo na pikipiki yake ya ofisi, kisha mwalimu. Kibanda cha baiskeli kikageuka gereji, na vijana wawili wa Mitundu wakajifunzia pale kazi wanayoifanya hadi leo. Kisheria, mzee hakuruhusiwa kuwa pale hata siku moja.

Mimi niliondoka Malawi zamani. Mei 2023 askari walianza kuwakusanya wakimbizi Lilongwe na kuwarudisha Dzaleka, na maduka mengi yakafungwa. Kambi iliyopangiwa watu elfu 10 hadi 12 ina watu zaidi ya elfu 50, na miongoni mwao wamo mafundi wa kila kitu: injini, redio, mbao, cherehani. Siku hizi kabaza ni pikipiki, na kila moja ina waya wa klachi utakaokatika. Serikali ya Malawi iondoe masharti yale ya mwaka 1987, mafundi hawa wapewe vibali vya kufanya kazi.