Silika, au Kazi ya Somo?

Wenzangu tunaohangaika na kalamu, hebu tulitazame neno silika. Hapa Jadida, Wete, halikosi barzani. Fulani mkali, ati silika yake. Mpemba hodari wa biashara, ati silika.

Kwa maana yake hasa, silika ni tabia azaliwayo nayo kiumbe, asiyofunzwa na mtu. Asili yake ni Kiarabu, saliqa, na wanazuoni wa nahau walilitumia kumsifia bedui asemaye lugha fasaha bila ya kupita kwa mwalimu. (Ingawa bedui huyo, lau angelelewa Wete, angesema Kipemba. Hapo nao walilivuta neno kidogo.)

Ukitaka silika yenyewe, nenda Misali, kile kisiwa cha magharibi ya Chake Chake. Kasa jike hupanda ufukweni usiku, akafukua shimo, akataga mayai yanayoweza kupita 100, akayafukia, akarudi zake baharini. Wanawe hawaoni. Baada ya kama miezi 2 vitoto huchomoza mchangani, na bila ya kuambiwa na yeyote hukimbilia maji. Hufuata upande wenye mwangaza, maana usiku bahari hung'aa kuliko nchi kavu. Lakini washa taa kali nyuma yao: watageuka waifuate taa, wafie huko. Silika haiulizi njia.

Binadamu naye anayo. Mguse kichanga shavuni, atageuza kichwa kutafuta ziwa. Nani kamfunza? Lakini yule kijana wa Kipemba mwenye duka Kariakoo, aliyeanza kupima sukari kwa ami yake angali mtoto, tena bila ya mshahara, huyo kafunzwa, na kafunzwa kwa jasho. Ukisema "silika" umemdhulumu miaka yake yote.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Tangu nimalize skuli naandika riwaya. Ndani yake mna mwanamke anayepigwa na mumewe, mwishowe akaondoka. Rafiki yangu mmoja kausoma mswada, akanambia, "Haaminiki huyu. Mwanamke silika yake kuvumilia."

Basi nikamuuliza: kama ni silika, somo wa nini? Bibi harusi wa kwetu hupewa somo, mtu mzima, akamkalisha ndani akamfunza: kujitia manukato, kumpokea mume, kusitiri ya nyumbani, kunyamaza mume akighadhibika. Kasa hana somo. Kichanga hana somo. Ni kuvumilia tu ndiko kunakohitaji siku kadhaa za mafunzo, na ukumbusho kila mke anaporudi kwao analia!

Nilimpelekea hoja hiyo bibi yangu, ambaye ameshakuwa somo wa wengi. Akacheka mpaka akajifuta machozi. "We mjukuu wangu, ingekuwa silika, mie hizi kanga za kutunzwa ningezipata wapi?"

Rafiki yangu hajaridhika, na si lazima. Mie nimeongeza sura. Usiku, chumba kina harufu ya udi, somo amekaa mkekani, na msichana wa miaka 18 anarudia maneno nyuma yake, moja moja. Akikosea, anaanzishwa upya.