Jina Likitoka Orodhani

Kabla ya kupandisha toleo jipya la programu ya mashine pepe, mimi husoma kwanza sehemu ambayo wengi huiruka: orodha ya prosesa zilizoondolewa. Seva ninazozitunza mjini Kasulu zilinunuliwa zikiwa zimeshatumika, kwa hiyo kila toleo huzisogelea. Prosesa ikifutwa orodhani haiharibiki. Feni inazunguka, diski zinasoma, taa ya kijani inawaka. Ila programu haiitambui tena, na seva iliyobeba mashine pepe sita jana, leo haipewi hata moja.

Wanaofuta wana sababu. Desemba 2012 waandishi wa Linux waliiondoa prosesa ya 386, iliyotolewa na Intel mwaka 1985. Ndiyo iliyokuwa kwenye kompyuta ambayo Linus Torvalds alianza kuandikia mfumo huo mwaka 1991. Prosesa hiyo haikuweza kuizuia kerneli kuandika kwenye kurasa za kumbukumbu zilizofungwa, hivyo ilibidi kuweka msimbo wa ziada wa kukagua. Mzigo huo uliwaangukia hata waandishi ambao hawajawahi kuigusa 386. Torvalds alisema hana majonzi nayo. Namwelewa.

Mwezi huohuo, huku kwetu, orodha nyingine ilikuwa inafungwa. Kambi ya Mtabila ilikuwa imehifadhi wakimbizi wa Burundi tangu miaka ya 1990. Tarehe 1 Agosti 2012 hadhi ya ukimbizi ya wengi wao ilikoma. Kufikia mwisho wa Desemba, watu zaidi ya 30,000 walikuwa wamerudishwa Burundi na kambi ikafungwa. Wengine zaidi ya 2,000, ambao mahojiano yalionyesha bado wanahitaji ulinzi, walihamishiwa Nyarugusu.

Simfananishi mtu na prosesa. Prosesa haina mtoto aliyezaliwa kambini, ambaye "kwao" amekusikia tu kwa wazazi. Ninachokiona pande zote mbili ni nguvu ya orodha: jina likishatoka, kilichopo hakihesabiki tena kuwa kipo. Hoja ilikuwepo pia: vita vya Burundi vilikuwa vimekwisha. Lakini mwaka 2015 machafuko yakazuka, watu wakavuka mpaka tena, na mwezi Oktoba kambi ya Nduta kule Kibondo, iliyokuwa imefungwa miaka kadhaa, ikafunguliwa upya.

Tangu hapo nina utaratibu wangu. Kwanza naangalia kila seva ina prosesa gani. Kisha natafuta seva ya kupokea, yenye amri zote ambazo mashine pepe inazitumia. Ikizikosa, mashine haiwezi kuhama ikiwa hai, lazima izimwe kwanza. Nahamisha, nahakikisha kazi inaendelea, ndipo napandisha toleo. Seva iliyofutwa siitupi. Naiacha na toleo lake la zamani, naitenga na mtandao, inatunza nakala.

Kijana ninayefanya naye kazi huniuliza, "Kaka, lile dude la nini? Linakula umeme bure."

Nimemwambia liko pale kwa sababu sijui kesho itakuwaje, na aliyeandika orodha naye hajui.