Petroli Sebuleni

Baba alikuwa bwana shamba wilayani Lushoto, na kazi yake yote aliifanya juu ya Honda CG125 nyekundu aliyoinunua ikiwa imeshazeeka. Hakuwa mtu wa kusifia vitu, ila pikipiki hiyo aliisifia. Honda walianza kuiuza katikati ya miaka ya 1970 wakizilenga nchi kama yetu, ambako pikipiki hubeba gunia, mke na mtoto, na oili hubadilishwa fedha ikipatikana. Badala ya cheni ya kuzungushia kemshafti, inayodai oili safi kila wakati, waliipa vijiti vya kusukumia valvu, vinavyovumilia dhiki. Baba alinieleza hayo huku amekishika kijiti chenyewe, kilichotolewa kwenye injini ya mwenzake wa kazini.

Injini, basi, haikutusumbua. Kilichotusumbua ni petroli.

Pikipiki ilikuwa ikilala sebuleni, kama zilivyolala nyingi mtaani kwetu. Ilikuwa Julai, na Julai ya Lushoto madirisha hayafunguliwi mpaka jua limepanda. Mama aliamka alfajiri kuwasha jiko la mkaa, akanusa, akarudisha kiberiti mfukoni.

"Hapa hapawashwi kitu," alisema, "mpaka hicho chombo kitoke nje."

Mama alikuwa na haki kuliko alivyojua hata yeye mwenyewe. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi darini kama moshi. Hujilaza sakafuni, hupita chini ya milango, na waweza kulifikia jiko au kibatari kabla mtu aliyesimama hajawa na hakika kama kweli ananusa kitu. Sisi watoto tulikuwa tukilala chini, kwenye magodoro, chumba cha pili. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu niwe mzazi.

Fundi mmoja wa stendi alikuwa ameshaigusa mara mbili. Alikaza skrubu za kabureta, akapaka gundi kuzunguka bakuli lake, akapokea hela yake. Gundi ile ililainika kwa petroli ikawa kama ugali wa mgonjwa, na matone yakaendelea. Baba akasema sasa basi, kazi hii itafanyika nyumbani.

Tuliisogeza hadi chini ya mparachichi, mbali na jiko, tukaisimamisha kwa stendi ya katikati ili ikae wima. Hilo lina maana yake: pikipiki ikilala upande, petroli ndani ya kabureta nayo hulala upande, na unaweza kuona tone ambalo si ugonjwa bali ni mwegemeo tu. Akafunga koki, akalegeza skrubu ya chini ya kabureta, akaimwaga petroli iliyobaki kwenye kopo. Kisha akafuta kila kitu kwa kitambaa: koki, mpira wa mafuta, kabureta, mpaka juu ya injini. Nikadhani sasa tutafungua. Akamwomba mama chaki.

Mama alikuwa mwalimu, kwa hiyo chaki haikukosekana. Baba aliisaga kwa chupa, akanyunyiza unga wake kila mahali petroli inapopita, kisha akafungua koki. Tukachuchumaa kutazama. Chaki kavu ni nyeupe. Ikiguswa na petroli hugeuka kijivu, na hugeukia pale pale petroli inapoanzia, kabla haijatiririka kwenda kudondokea kwingine. Doa la kwanza lilitokea mpira unapovishwa kwenye kabureta. La pili lilichelewa, nikataka kuondoka, akanizuia kwa mkono. Likatokea kwenye kijibomba cha chini ya kabureta, kile cha kumwagia ziada.

Doa la kwanza lilikuwa jepesi. Mpira ulikuwa umekauka na kupasuka ncha. Watu wengi walikuwa wakivisha mipira myeupe ya plastiki inayoonyesha petroli ikipita, inapendeza, lakini baada ya miezi michache huwa migumu kama mfupa na huchomoka kwenye mashimo ya barabarani. Baba alitafuta mpira mweusi wa mafuta, wa kweli, akaweka na klipu mpya pande zote mbili. Hapo hapana hadithi.

Kijibomba ndicho kilichotuchukulia siku. Petroli ikitokea hapo, ina maana bakuli la kabureta linajaa kupita kiasi. Ndani yake mna boya linalopanda petroli inapoongezeka, na likipanda huisukuma sindano iliyo juu yake izibe tundu la kuingilia. Hivyo vitu viwili vidogo ndivyo lango lote kati ya tangi lililojaa na moto wa plagi. Baba alilishusha bakuli, akachomoa kipini kwa ncha ya koleo, boya likaja na sindano yake. Alilitikisa boya sikioni: lilikuwa kavu, halijatoboka. Kisha akanipa sindano niitazame juani. Ncha yake ya mpira ilikuwa na duara lililochimbika kote, na kwenye tundu lake mlikuwa na unga wa rangi ya matofali.

"Kutu," nikasema.

"Ya wapi?"

Sikujibu, naye hakunisubiri. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kuwashawishi wakulima wapande majani ya matete kwenye matuta, udongo usishuke na mvua. Akanionyesha bonde kwa kidole chenye petroli, akaniambia kwamba tope likijaa chini kwenye mfereji, mjinga huzoa tope, na bwana shamba hupanda mlima. Tukapanda kwenye tangi.

Tulipofungua koki yote na kuitoa, kile kichujio chake kirefu kinachosimama ndani ya tangi kilikuwa kimechanika upande mzima. Tangi lenyewe lilikuwa limeota kutu sehemu ya chini, ambako maji ya ukungu na mvua hukaa, kwa kuwa maji huzama chini ya petroli. Kutu ilipita kwenye mchaniko, ikateremka na mpira, ikakaa kati ya sindano na tundu lake, na injini ilivyotikisika ikaitafuna ncha. Tulitia kokoto ndogo na petroli kidogo, tukalitikisa tangi kwa zamu mpaka mikono ikafa ganzi, tukasuuza mpaka ikatoka safi.

Sindano mpya ilitoka Tanga mjini, na baba aliipeleka ile ya zamani mfukoni ili wasimpe isiyofanana. Kabla ya kurudisha kabureta aliigeuza juu chini, boya likaiegemea sindano kwa uzito wake, akaweka mdomo penye njia ya petroli na kupuliza. Hewa haikupita. Nami nikapuliza. Haikupita.

Kisha akachomoa kijiti cha oili akanusa, na hili ndilo ambalo mafundi wengi wa leo naona wanalisahau. Kabureta ikijaa kupita kiasi, petroli nyingine huingia kwenye silinda na kuteremka hadi kwenye oili. Oili yetu ilikuwa imepanda juu ya alama, nyepesi, inanuka kama mdomo wa tangi. Ingeendelea hivyo, hata vile vijiti alivyovisifia visingevumilia. Akamwaga yote, kama lita moja, akaweka mpya.

Injini za bodaboda nyingi tunazopanda leo zimefuata muundo ule ule wa CG, na sindano zake zinauzwa kwenye vipakiti karibu kila duka la spea. Vijana wanaigonga kabureta kwa mpini wa bisibisi, tone linakata, wanaondoka. Siwalaumu, kugonga kweli huachanisha sindano iliyonasa. Nikiwa karibu huwaomba tu wafungue koki watazame kichujio.

Mama aliiruhusu Honda irudi ndani baada ya kukagua sakafu mwenyewe kwa kipande cha gazeti. Baadaye baba mdogo aliichukua, akaenda nayo Korogwe kuanza maisha. Aliwahi kutuandikia kwamba amebadilisha tairi, taa na kiti, ila mpira wa mafuta ni ule ule.